Kisu Hakikati Uchu

Msomaji, katika karamu moja ya arusi nilikaa meza moja na mama wa makamo, mwenye umbo la wastani na maneno ya uchangamfu. Sahani yake ilikuwa na kipande kimoja cha kuku, vijiko viwili vya mboga, na wali ambao hata mtoto angeuona haba. Wasichana waliokuwa wakiandaa walimjia na masinia yao. "Shangazi, ongeza kidogo," walisema. Akashukuru, akakataa. Walirudi mara ya pili na mara ya tatu, naye akashukuru na kukataa vile vile. Ndipo jamaa yake mmoja aliposema kwa sauti iliyosikika meza ya tatu, "Mwacheni huyo. Alishindwa kujizuia kama watu wengine, akaenda kukatwa tumbo hospitali. Wembamba wake ni wa kununua." Watu wakacheka.

Baada ya muda keki ya arusi ikakatwa, na yule mama akapokea kipande kidogo kama wenzake. Hakujaaliwa kukifikisha mdomoni. "Mnaona?" jamaa yule akasema. "Fedha zote zile, na ulafi bado upo!" Mama akakirudisha kipande kwenye sahani, akakifunika kwa karatasi ya kupangusia mikono, na hapo kilikaa mpaka tulipoondoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba miaka tisa ilikuwa imepita tangu siku ya kupasuliwa kwake, na kwamba katika miaka yote hiyo hapakuwa na karamu aliyokwenda asisikie moja au jingine kati ya maneno yale mawili.

Insha hii nimeiandika ili kuyapinga maneno hayo. La kwanza husema kwamba mtu anayepunguza uzito kwa kupasuliwa amepita njia ya mkato, njia ya wavivu. La pili husema kwamba akiwa bado ana uchu wa chakula, au akiongezeka kilo chache baada ya miaka kupita, hiyo ni dalili ya ulafi wake. Tazama jinsi yanavyogongana. Alipokataa wali alichekwa. Alipopokea keki alichekwa. Mbele ya mahakama ya namna hii mshtakiwa huhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Lakini haitoshi kusema kwamba maneno haya ni makali, kwa kuwa neno kali huweza kuwa la kweli. Mimi nasema ni ya uongo, na ni haki yako, msomaji, kunidai ushahidi.

Tuanze na upasuaji wenyewe. Katika mwaka wa 1966, daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, akishirikiana na Chikashi Ito, alianza kuwapasua wagonjwa wanene kupita kiasi kwa namna mpya. Sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa tumbo hutengwa na sehemu iliyobaki, kisha huunganishwa na utumbo mwembamba, hata chakula kikaupita mfuko mkubwa pasipo kuuingia. Namna nyingine, ambayo leo hufanywa sana, ni kuukata mfuko wa tumbo kwa urefu wake na kuondoa kadiri ya robo tatu zake. Kinachobaki hufanana na ndizi nyembamba. Upasuaji huu hawapewi watu wanaotaka kupendeza katika picha. Hupewa wale ambao unene wao umekwisha kuwa hatari kwa maisha: wenye kisukari, wenye shinikizo la damu, wanaokatika pumzi usingizini, wasioweza kupanda ngazi kwa maumivu ya magoti. Aghalabu wengi wao wamekwisha kujinyima chakula mara nyingi kabla ya hapo, wakapungua, wakarudi walikotoka.

Je, hiyo ni njia ya mkato? Njia ya mkato ni ile inayompunguzia msafiri mwendo. Mtu huyu hulazwa na kupasuliwa, hukaa majuma kadhaa akinywa vitu vya majimaji tu, hujifunza upya kutafuna kama mtoto mchanga, na hula vitamini na madini kila siku mpaka kufa kwake, kwa sababu mwili wake hauwezi tena kupata vya kutosha katika chakula peke yake. Akiacha vitamini, damu yake huweza kupungua, mifupa yake huweza kudhoofika, na hata neva zake huweza kudhurika. Ikiwa hiyo ndiyo njia fupi, basi ningependa nionyeshwe iliyo ndefu.

Na tazama matunda yake. Nchini Uswidi, kuanzia mwaka wa 1987, mabingwa walifuatilia wagonjwa 2,010 waliopasuliwa na wengine 2,037 wenye unene kama wao waliopata matibabu ya kawaida pasipo kupasuliwa. Matokeo yalipotangazwa katika mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba wale wasiopasuliwa, kwa wastani, uzito wao haukubadilika ila kwa kiasi kidogo mno. Waliofanyiwa upasuaji wa kuupita mfuko wa tumbo walikuwa wamepunguza, kwa kila kilo 100 za uzito wao wa awali, kadiri ya kilo 32 katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka kumi walikuwa bado wamepunguza kilo 25. Zaidi ya hayo, miongoni mwa waliopasuliwa vifo vilikuwa vichache kuliko miongoni mwa wenzao. Sasa mwambie yule jamaa kwamba kile alichokiita wembamba wa kununua ni uhai uliookolewa.

Lakini najua kwamba msomaji mwepesi amekwisha kuyaona mapengo katika hesabu hiyo. Kutoka kilo 32 mpaka kilo 25 kuna kilo saba zilizorudi. "Basi," atasema, "hapo ndipo ulafi ulipo!" Hapa ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu neno la pili, la ulafi, ndilo linalouma zaidi, na ndilo linaloaminiwa na watu wengi wenye nia njema.

Nakuuliza: je, mtu akikonda, mwili wake hufurahi? Wengi hudhani hivyo. Ukweli ni kwamba mwili hauna habari ya kioo wala ya vipimo vya nguo. Mwili unajua jambo moja, kwamba akiba yake imepungua, nao huifanya njaa kuwa askari wa kuirudisha. Katika miaka ya 1944 na 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, bingwa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 waliojitolea, wote wenye afya njema ya mwili na akili, na hapana mnene aliyetafuta kukonda miongoni mwao. Kwa muda wa miezi sita walipewa kadiri ya nusu ya chakula chao cha kawaida, mpaka wakapoteza kama robo ya uzito wao. Yaliyowapata yanafaa kukumbukwa na kila mtu anayependa kutoa hukumu mezani. Vijana wale waliacha kuzungumza habari za vita na za wachumba, wakazungumza chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama watu wengine wasomavyo hadithi. Walilamba sahani. Na walipoachiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula mlo juu ya mlo na bado wakasema hawajashiba. Je, vijana hao walikuwa walafi? Kama walikuwa walafi, ulafi wao uliingia siku gani? Hawakuwa nao walipofika. Uliletwa na kupungua kwa mwili.

Katika mwaka wa 1999 mabingwa wa Kijapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, waligundua homoni iliyopewa jina la grelini, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na mfuko wa tumbo. Homoni hiyo hupanda kabla ya mlo na kuuambia ubongo kwamba wakati wa kula umewadia. Mtu akipungua kwa kujinyima chakula, sauti ya grelini huongezeka. Wachunguzi wa Melbourne, nchini Australia, walitangaza katika mwaka wa 2011 kwamba hata baada ya mwaka mmoja tangu watu kupungua, homoni za njaa na za kushiba zilikuwa bado hazijarudi katika hali yake ya kwanza. Mwili ulikuwa bado unadai deni lake. Tena mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, hata chakula kilichomtosha mtu jana kikawa cha kumnenepesha leo.

Upasuaji hupunguza makelele haya, na ndiyo sababu hufaulu pale ambapo kujinyima peke yake hushindwa. Huyabadili maagizo ambayo tumbo hupelekea ubongo, na katika miezi ya kwanza wagonjwa wengi hushangaa kwamba hawasikii njaa hata kidogo. Mwaka huo wa kwanza ni fungate. Lakini hakuna fungate idumuyo. Baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa watu wengi, njaa huanza kubisha hodi tena, pole pole, na mfuko uliokuwa hauwezi kupokea ila vijiko vichache huweza kupokea zaidi. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza, na hapo ndipo ndugu na marafiki huwa wamekwisha kwenda zao, wakidhani kazi imekwisha.

Tena hapana budi kutofautisha njaa na uchu. Njaa huja pole pole na hutulizwa na chakula chochote, hata kiazi cha kuchemsha. Uchu huja ghafula na huwa na jina: unataka chapati, tena ile ya moto; unataka soda, tena ile baridi. Njaa huanzia tumboni, na uchu una makao katika kumbukumbu. Harufu ya mandazi asubuhi njiani, saa kumi ya jioni ambayo kwa miaka thelathini ilikuwa saa ya chai yenye sukari nyingi, habari mbaya iliyokuja kwa simu, ugomvi nyumbani, upweke: haya yote hugonga mlango wa uchu. Mpasuaji alikata nyama ya tumbo. Hakuikata jioni katika siku, wala huzuni katika moyo. Kisu hakikati uchu. Mwenye kusema kwamba mtu aliyepasuliwa hapaswi kuona uchu tena ni kama mwenye kusema kwamba mtu aliyeng'olewa jino hapaswi kuota ndoto.

Basi mtu huyu anayefaulu kwa miaka tisa hufanya nini? Nakuomba uyatazame maisha yake, maana wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hula kwa saa zilizopangwa, naye huanza na chakula cha kujenga mwili, kama samaki, mayai, maharagwe au kuku, kabla hajagusa wali au ugali. Hutafuna sana na kula taratibu. Hanywi maji pamoja na chakula, ila kabla yake au baadaye. Soda na maji ya matunda yenye sukari huyaogopa kuliko ugali, kwa kuwa vinywaji hupita upesi katika mfuko mdogo pasipo kumshibisha. Na kama alipasuliwa kwa namna ya kuupita mfuko wa tumbo, sukari nyingi ya ghafula huweza kumletea jasho, kizunguzungu na moyo kwenda mbio.

Zaidi ya yote hujihadhari na kudonoa. Karanga chache hapa, biskuti moja pale, kipande cha mkate kilichoachwa na mtoto: hakuna hata kimoja kinachostahili kuitwa mlo, lakini bandu bandu huisha gogo, na kwa kudonoa kilo zilizoondoka kwa kisu huweza kurudi kwa vidole viwili. Kwa hiyo hasemi kwamba atakuwa shujaa mbele ya mandazi, huyaondoa nyumbani. Uchu ukimjia, huutendea kama mvuvi atendeavyo wimbi. Hashindani nalo kwa kifua. Husubiri lipite chini ya chombo. Huondoka jikoni, hutembea, hunywa maji, humpigia simu rafiki, na mara nyingi, baada ya dakika kadhaa, wimbi limevunjika lenyewe. Hujipima uzito kwa siku maalumu, ili kilo mbili zigunduliwe zikiwa mbili na si kumi na mbili. Hujichunga na pombe pia, kwa sababu baada ya upasuaji wa kuupita mfuko wa tumbo pombe huingia katika damu kwa haraka zaidi, na wako waliokimbia uchu wa chakula wakaangukia mikononi mwa chupa. Naye hurudi kwa daktari wake mwaka baada ya mwaka, hata siku ambazo angependa kujificha.

Hiyo ndiyo kazi ya yule uliyemwita mvivu. Ifanye wewe kwa mwezi mmoja, kisha uniletee neno lako tena.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasema, "Ukilaumu homoni kwa kila jambo, utamfundisha mtu kukaa kitako na kula." Pingamizi hilo ni la haki, nami silikimbii. Yale niliyoyaeleza hivi sasa ni wajibu mtupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hapana atakayemtafunia, wala atakayemmezea vitamini. Lakini kuna tofauti kati ya kumpa mtu wajibu na kumpa mtu fedheha. Mwenye kisukari ana wajibu wa kutumia dawa yake, na sukari yake ikipanda tunamwambia aende kwa daktari, hatumcheki karamuni. Unene ni maradhi yanayodumu, na maradhi yanayodumu huhitaji matunzo yanayodumu. Kilo zikirudi, dawa ni kwenda hospitali, kuchunguza chakula, usingizi, huzuni na hali ya tumbo lenyewe, na pengine kuongezewa dawa, kwa maana siku hizi zipo dawa zinazopunguza njaa. Fedheha haimo katika orodha hiyo.

Wala fedheha si kitu kisicho na madhara. Mtu anayechekwa mezani hujifunza kula mahali pasipo na meza: chumbani, gizani, upesi upesi, pasipo kuhesabu. Mtu anayeambiwa kwamba kilo tatu alizoongeza ni aibu hatakwenda kuzionyesha kwa daktari. Atangoja ziwe kumi na tano. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba wanamsaidia kwa kumkemea wanamsukuma pale pale wanaposema hawataki afike. Na ikiwa sina huruma kwa jamaa wa namna hiyo, sina huruma pia kwa wauzaji wa matumaini wanaotangaza upasuaji huu kama mwisho wa safari, wakionyesha picha ya kabla na picha ya baada, na kunyamaza juu ya miaka kumi inayofuata. Aliyeahidiwa mwisho wa safari, akijikuta bado yumo njiani, hudhani ni yeye aliyepotea.

Yamkini utasema kwamba mambo haya ni ya watu wachache, nawe ungali kijana. Fikiri tena. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya katika mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, kadiri ya 33 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Hao ni mama zetu, shangazi zetu na walimu wetu. Walio wengi miongoni mwao hawatapasuliwa kamwe, lakini mapambano yao na uchu ni yale yale, na ulimi unaowauma ni ule ule. Nasi tumewawekea mtego wenye meno pande mbili. Kwa upande mmoja tunausifu mwili mnene kuwa ni alama ya neema na ya ndoa yenye raha. Kwa upande wa pili tunaucheka. Tunamsukumia mgeni sahani mpaka ale, kisha akila tunahesabu matonge yake.

Sisemi kwamba tuache ukarimu. Ukarimu ni pambo letu, na nyumba isiyomkaribisha mgeni ni nyumba iliyokufa. Lakini karibu ni mlango uliofunguliwa. Si mkono unaomvuta mtu shingoni. Kumkaribisha mgeni mara moja ni heshima, na mara ya pili ni upendo. Mara ya nne, kwa mtu aliyekwisha kukataa mara tatu, ni mateso yaliyovikwa nguo ya adabu.

Msomaji, ninyi vijana ndio mtakaoandaa karamu za kesho, na wengine miongoni mwenu mtakuwa madaktari na wauguzi wa kesho. Nawaomba mambo madogo. Mtu akisema ametosheka, mwamini. Mtu akila kipande cha keki, mwache ale kwa amani, maana mtu asiyeruhusiwa kula kidogo hadharani atakula kingi sirini. Mtu akiongezeka, usiwe wa kwanza kumwambia. Amekwisha kuambiwa na mzani wake, na nguo zake, na usiku wake. Na mtu akikaa na uzito wake mmoja mwaka baada ya mwaka, usidhani kwamba hakuna linalotendeka pale. Mtu anayepiga kasia dhidi ya mkondo, akabaki mahali pamoja, amepiga kasia kweli kweli.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa macho ya mtazamaji ni mwepesi, hata akashangaa kwa nini mwenziwe anatoka jasho. Yule mama niliyemwona arusini alikuwa ameubeba wake kwa miaka tisa. Alikuwa na haki ya kutua dakika moja, akala kipande cha keki pamoja na watu wake, akafurahia arusi, kisha akajitwika tena na kuendelea. Haki hiyo alinyang'anywa kwa maneno saba na kicheko kimoja. Siku utakapokaa meza moja na mtu kama yeye, na kicheko kikaanza, usicheke.